Mahubiri hayasaidii, mwageni dastibini kwanza

Watu wakisikia kwamba nasaidia wenzangu kupunguza matumizi na taka wanaanza kujitetea kabla hata sijafungua mdomo, oh mimi plastiki situmii sana, oh ningeweza ila nina watoto, oh nikipata nafasi nitaanza, yaani utadhani wamesimamishwa na trafiki. Afu ukizisikiliza vizuri hizo sababu unaona huyu mtu mbona anajua kila kitu. Anajua chakula kinatupwa, anajua plastiki haiozi, anajua ana nguo nyingi kuliko siku za kuzivaa. Sasa mimi nikija na semina ya saa mbili kumwambia anachokijua nitakuwa nimemsaidia nini? Kazi yote iko pale katikati, kati ya kujua na kufanya, na hapo ndo nimekaa miaka kadhaa sasa, majumbani mwa watu na kwenye vikundi, wengine wanabadilika mpaka nashangaa na wengine wanagoma kabisa na bado tunasalimiana vizuri tu.

Siku hizi nikianza na mtu sitoi mada yoyote. Naomba tu taka za wiki moja zisitupwe, za kuoza zikae kwenye ndoo yenye mfuniko na zile kavu kwenye mfuko, afu tunatandika turubai tunamwaga tunaanza kuchambua. Vaeni glovu jamani, na harufu ipo, siwadanganyi. Ila kabla ya kumwaga namuuliza mwenye nyumba anadhani kitakuwa kingi ni nini, na wengi wanajibu chupa za plastiki maana ndo kitu wanachosikia kinalaumiwa kila siku. Kuna mama mmoja tukamwaga zake, chupa zilikuwepo ndio, chache, kilichojaa kilikuwa chakula. Mboga za majani zimelainika zimetoa maji meusi ndani ya mfuko ambao fundo lake halijawahi kufunguliwa, fundo lile lile alilofungiwa na muuzaji. Nusu mkate. Matunda yenye doa upande mmoja tu. Akaushika ule mfuko wa mboga akaupimapima mkononi, akasema huu mbona sijaufungua kabisa, akaanza kukumbuka siku aliyonunua, alikuwa ametoka kazini na njaa, akapita akanunua kila alichokiona, kumbe nyumbani kulikuwa na mboga nyingine chini kabisa ya friji. Sikuongeza neno hapo. Ningeongeza nini?

Na sio yeye peke yake. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotoka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa chakula tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hicho kilitupwa majumbani, sio mahotelini wala madukani kama wengi tunavyopenda kuamini. Ukigawanya hicho cha majumbani tu ni kilo 79 hivi kwa kila mtu kwa mwaka. Na chakula kinachopotea na kutupwa, ukihesabu kuanzia shambani, kinachangia kati ya asilimia 8 na 10 ya gesi zote zinazoongeza joto duniani. Namba kama hizi ukizitaja kabla ya kumwaga dastibini zinapita tu hewani. Ukizitaja huku mtu ameshika mboga zake mkononi zinaingia.

Basi kutokea hapo ukiangalia chanzo mara nyingi utakuta mtu hana roho mbaya wala sio mvivu, ni mpangilio tu wa nyumba. Droo ya chini ya friji haionekani, kwahiyo mboga zinafia humo. Kipya kinawekwa mbele kwa sababu mkono umechoka, cha zamani kinasukumwa nyuma mpaka siku ya harufu. Yule mama tulichofanya ni kuhamisha vitu vinavyoharibika haraka vikae usawa wa macho, na soda na zile chupa za sosi zinazokaa miezi zikashuka chini, afu akaweka trei moja ambayo kila mtu nyumbani anajua kilichomo kinaliwa kwanza. Na kabla ya kutoka kwenda kununua anapiga picha friji likiwa wazi. Hicho cha picha mimi nakipenda kuliko vyote maana hakihitaji nidhamu, simu si unayo mkononi tayari. Pia cheki baridi ya friji yenyewe, iwe kwenye nyuzi 4 au chini ya hapo, kuna friji nimekuta zinahangaika huko kwenye 9 au 10 na mwenyewe analalamika maziwa ya siku hizi hayakai. Na zile tarehe kwenye pakiti watu wanazichanganya sana, kuna ile ya usalama, ikipita usile, na kuna ile ya ubora, ikipita maana yake ladha inaweza kupungua kidogo ila kama kimetunzwa vizuri kinaliwa. Vyakula vingi vikavu na vya makopo vina hii ya pili, na watu wanatupa pakiti nzima nzima kwa sababu jana ilikuwa tarehe 30.

Sasa hapa kuna jambo nataka nikae nalo kidogo kwa sababu naliona linaharibu kazi za watu wengi wenye nia nzuri kabisa, nalo ni ile tabia ya kuwaambia watu kwamba kila mtu anaharibu. Unasikia mtu anasimama mbele ya kikundi anasema jamani sisi wote tunatupa, hakuna anayejali, angalieni mitaro ilivyojaa. Anadhani anawaamsha. Alichowapa ni ruhusa. Kuna jaribio maarufu lilifanywa huko Marekani kwenye hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, kuna vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe na wageni walikuwa wanaviiba. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake wakajaribu mabango mawili. Moja lilisema wageni wengi waliopita wameondoa miti na wameharibu hali ya hifadhi, lingine lilimwomba tu mgeni asiondoe. Pale kwenye bango la wengi wameiba, vilibebwa karibu asilimia 8 ya vipande walivyokuwa wameviweka njiani kwa ajili ya jaribio, na pale pa ombi la kawaida vilibebwa chini ya asilimia 2. Fikiria hapo, bango la kuzuia wizi linaongeza wizi!

Afu huyo huyo Cialdini na wenzake 2008 wakachapisha lingine la taulo za hotelini. Kadi ya kawaida ya kumwambia mgeni tunza mazingira utumie taulo tena, asilimia kama 35 walitii. Kadi iliyosema wageni wengi hapa wanatumia taulo zao tena ikapanda mpaka asilimia 44. Na jaribio la pili waliposema waliolala chumba hiki hiki wengi walifanya hivyo ikafika kama asilimia 49. Chumba hiki hiki! Yaani mtu hamjui aliyelala humo, ila kwa vile ni wa hapa hapa basi anamfuata. Tangu nilipozielewa hizi mimi kwenye vikundi nataja waliofanya, tena wa karibu, fulani wa ghorofa hii kaanza kubeba chombo chake, nyumba ile ya kona wameacha kununua maji ya chupa, na nawaomba ruhusa kwanza maana sio kila mtu anapenda kutajwa. Ukitaka kumsogeza mtu mwonyeshe jirani yake, mtaalamu wa mbali mwache apumzike.

Ila hili la majirani nalo lina mtego wake. Mwaka 2007 Wesley Schultz na wenzake walichapisha utafiti wa umeme San Marcos, California, kaya zikaambiwa zinatumia umeme kiasi gani na majirani wanatumia wastani gani. Waliokuwa juu wakashuka, vizuri, lakini waliokuwa chini ya wastani nao wakapanda, si wameona kumbe wana nafasi bana. Dawa yake ilikuwa kitu kidogo mpaka inachekesha, waliochorewa uso wa kutabasamu pembeni ya namba yao walibaki kule kule chini. Kwahiyo yule anayefanya vizuri usimwache hivi hivi ukakimbilia wanaokusumbua, mpe neno lake, na yeye ni binadamu.

Haya tuje kwenye manunuzi ya kijani, yaani vile vitu vinavyouzwa kama rafiki wa mazingira, na hapa najua nitakosana na baadhi ya watu. Mtu akishahamasika, kitu cha kwanza anachofanya ni kwenda kununua. Ananunua chupa ya chuma, mifuko ya kitambaa, mabakuli ya kioo, mswaki wa mwanzi, na yale mabakuli ya plastiki yaliyokuwa mazima kabisa anayatupa ili jiko lipendeze kwenye picha. Namwelewa, kununua kunakupa hisia kwamba umeanza. Lakini shirika la mazingira la Uingereza, Environment Agency, lilipiga hesabu 2011 likakuta mfuko wa kitambaa cha pamba inabidi uutumie mara 131 ndo athari yake kwa tabianchi ishuke chini ya ule mfuko mwepesi wa plastiki wa dukani uliotumika mara moja tu, na ukihesabu kwamba watu wanatumia tena ile ya plastiki kuwekea taka basi idadi inazidi hapo. Sasa mtu ana mifuko ya kitambaa ishirini imening'inia nyuma ya mlango, mingine ya semina za mazingira, ataitumia lini yote hiyo mara 131? Mimi nasema hivi, mfuko mzuri ni ule ulio nao, hata kama ni wa plastiki, tumia mpaka uchanike. Bakuli la siagi likiisha siagi linatunza chakula vizuri tu. Sipingi kununua kitu kinachodumu pale cha zamani kinapokufa, ila kife kwanza.

Na wale wanaosema haina shida mi natenganisha taka zangu zinaenda kuchakatwa zitumike tena, hongera, endelea, ila usijipe moyo sana. Hesabu iliyochapishwa 2017 kwenye jarida la Science Advances ilionyesha kwamba mpaka 2015 dunia ilikuwa imetengeneza plastiki tani bilioni 8.3, na katika iliyokwisha kuwa taka ni asilimia 9 hivi tu iliyochakatwa tena, asilimia 12 ilichomwa, iliyobaki yote iko majalalani au imezagaa huko nje. Kutenganisha taka ni hatua ya mwisho kabisa, uamuzi wenyewe ulishafanyika siku ile unanunua.

Kununua kwenyewe sasa. Hapa ndo nimejifunza mengi kutoka kwa watu kuliko niliyowafundisha. Kaka mmoja tulikaa naye tukapitia oda zake za kwenye simu, moja moja, tukaangalia saa iliyoandikwa. Nyingi zilikuwa usiku, saa tano, saa sita, amelala kitandani, siku ambazo mkubwa wake kazini kamsumbua. Hakuwa anahitaji spika ya pili, alikuwa anahitaji kulala. Tukafuta namba ya kadi iliyokuwa imehifadhiwa kwenye ile programu, ili kila akitaka kununua lazima ainuke akatafute pochi aingize tarakimu zote kumi na sita, na tukazima zile jumbe za ofa. Ni hayo tu. Akasema nusu ya hamu inaishia njiani akifikiria kuinuka. Wengine wanapenda ile ya kuandika unachokitaka kwenye karatasi ya friji pamoja na tarehe, ukikaa mwezi bado unakitaka basi nenda kanunue kwa amani, na inafanya kazi vizuri ila inategemea nyumba, kuna nyumba karatasi inageuka kuwa orodha ya madai ya watoto.

Kwenye simu na vifaa vya umeme mimi ni mkali kidogo. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya simu, ile gesi inayoongeza joto duniani, inatoka wakati inatengenezwa, kuanzia kuchimba madini mpaka kuunganishwa, kuichaji miaka yote unayoitumia ni sehemu ndogo tu. Kwahiyo hakuna simu mpya ya kijani inayoishinda hiyo yako uliyonayo ikikaa miaka miwili zaidi. Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za umeme tani milioni 62, na zilizokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaojulikana hazifiki hata robo, asilimia 22.3. Na ukiuliza simu ya zamani ilikufa na nini, betri. Kioo. Tundu la chaji limejaa vumbi, toa vumbi kwa kijiti kikavu, taratibu, simu ikiwa imezimwa, na mara nyingi inachaji. Ufaransa Januari 2021 vifaa kama simu, laptopu na mashine za kufulia vilianza kuuzwa vikiwa na alama kati ya 0 na 10 iliyoonyesha vinatengenezeka kirahisi kiasi gani, natamani ingekuwa kila mahali, ila hata bila alama unaweza kumuuliza fundi kabla hujanunua, hii spea zake zinapatikana? Fundi anajua kuliko tangazo.

Halafu kuna hizi changamoto za kujenga tabia mpya kwa siku 21, jamani. Mtu anaingia kwa nguvu, siku ya 22 haoni tabia imeota, anajiona ameshindwa anaacha. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu wakijenga tabia mpya za kawaida tu, wastani ukawa siku 66, na makadirio yakaanzia siku 18 mpaka 254. Miezi minane hiyo! Na walikuta kuruka siku moja hakuvurugi kitu. Mimi watu wangu nawaambia mapema kabisa kwamba itachukua muda na watasahau, kusahau kupo kwenye bajeti. Kinachowasaidia zaidi ni kuifunga tabia mpya kwenye kitu ambacho tayari kinafanyika, nikivua viatu natoa vyombo kwenye begi naviosha, nikimaliza kuosha begi linarudi kwenye kitasa cha mlango. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameandika mengi kuhusu mipango ya namna hii ya kikitokea hiki nafanya kile, na tofauti yake na kusema tu nitajitahidi ni kubwa, nitajitahidi haina saa wala mahali.

Kuna mtu aliniuliza swali zuri sana, kwa nini ahangaike yeye wakati matajiri wanaruka na ndege binafsi. Sikumbishia maana ana hoja. Oxfam 2023 walitoa hesabu kwamba mwaka 2019 ile asilimia 1 ya watu wa dunia walio matajiri zaidi walitoa hewa ukaa sawa na theluthi mbili ya watu wa dunia walio maskini zaidi, yaani watu bilioni 5. Na kile kikokotoo cha kujipimia hewa ukaa yako mwenyewe kilipewa umaarufu na BP, kampuni ya mafuta, mwaka 2004, mnaweza kucheka. Kwahiyo kuna nyumba mimi naingia naona hakuna cha kupunguza, kila kitu kinatumika mpaka mwisho, hapo nakaa najifunza namna wanavyoshona na kutengeneza afu naenda kuwasimulia wale wenye stoo zilizojaa. Kumhubiria mtu asiye na ziada apunguze ni kukosa adabu. Lakini yule aliyeniuliza alikuwa na makabati mawili ya nguo, kwahiyo tuliendelea na makabati.

Jingine ambalo hatulisemi sana ni kwamba mtu akipunguza, hela inabaki. Inaenda wapi? Kama umeokoa kwenye umeme na chakula afu ukanunua tiketi ya ndege ya wikiendi, ile hewa ukaa imerudi na rafiki zake. Mwanauchumi wa Uingereza William Stanley Jevons aliliona hili kwenye makaa ya mawe tangu 1865, mashine zilivyozidi kutumia makaa machache kwa kazi ile ile, matumizi ya jumla yakapanda. Mimi nawaomba watu waamue mapema kabisa hela ya akiba inaenda kwenye nini, deni, ada, ufundi wa kitu kilichoharibika, chochote ila iwe na jina, maana hela isiyo na jina inaliwa na ofa ya kwanza inayopita.

Kinachonishinda mpaka leo ni zawadi. Mtu amejipanga vizuri, hanunui ovyo, nyumba inapumua, inafika siku ya kuzaliwa ya mtoto vinaingia vitu vya plastiki mfuko mzima na huwezi kumwambia bibi yake apeleke mwenyewe nyumbani kwake. Kuna familia wao walijaribu kuwaambia ndugu mwezi mmoja kabla, kwa heshima, kwamba mtoto anaomba kupelekwa kuogelea au vitabu ambavyo binamu zake wameshamaliza kusoma, na shangazi wawili wakakubali, babu akanuna akaleta gari la rimoti. Gari lenyewe liliharibika wiki ile ile, na sasa babu na mjukuu kila Jumamosi wanalifungua wanatafuta waya uliokatika.